Mama Aliye Gerezani Naye Ana Lake la Kusema



Mwezi huu naomba tuondoke kidogo jikoni na chumba cha watoto, twende mahali ambapo wengi wetu hatupapendi hata kupataja: gerezani. Sitawahubiria habari ya wafungwa, maana kila Kwaresima tunahubiriwa. Nataka tutazame jambo moja ambalo limefanyika katika magereza ya nchi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 40. Wafungwa hukusanywa, husaidiwa kutunga mchezo wao wenyewe wa kuigiza kutokana na maisha yao, kisha huuonyesha mbele ya watu.

Najua utakaloniuliza. Sisi mchezo wa kuigiza tunaujua kuwa ni wa watoto wa Shule ya Jumapili wakati wa Krismasi: mchungaji wa kondoo kajifunga kitenge kichwani, mamajusi wamejitanda mapazia ya sebuleni, na malaika amesahau maneno yake, mama yake anamnong'oneza kutoka benchi la mbele. Sasa mfungwa aigize nini? Na yule aliyeibiwa, au aliyefiwa, akisikia kwamba mkosaji wake anapigiwa makofi jukwaani, atajisikiaje? Ni swali la haki na nitalirudia. Kwanza sikiliza habari yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mji wa San Francisco huko Marekani, mwigizaji mmoja Mwafrika wa Marekani, jina lake Rhodessa Jones, aliajiriwa kwenda katika jela ya mji huo kuwafundisha wanawake mazoezi ya viungo. Bibi huyu hakuwa mtu wa makuu. Wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani waliohama kila msimu kufuata mavuno, na nyumba yao ilikuwa na watoto 12. Yeye mwenyewe alipata mtoto akiwa na miaka 16. Alipoingia mle jela aliwakuta wanawake wamejikalia tu, hawana hamu ya kurukaruka. Wangeruka wakifurahia nini? Basi mwalimu akaacha mazoezi, akaketi, akaanza kuwasimulia maisha yake mwenyewe. Siku baada ya siku nao wakaanza kusimulia: huyu alivyoanza kuvuta dawa za kulevya kwa sababu ya mwanamume, yule alivyojiuza apate kodi ya nyumba, mwingine alivyowaacha watoto kwa bibi yao na hajui kama wataambiwa yuko wapi.

Kutokana na mazungumzo hayo ukazaliwa, mwaka 1989, mradi alioupa jina la Medea Project. Jina hilo lina kisa chake. Medea ni mwanamke katika hadithi za kale za Wayunani. Mshairi Euripides alimtungia mchezo ulioonyeshwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo. Mwanamke huyu aliacha kwao na kumsaliti baba yake kwa ajili ya mume, akamzalia watoto wawili, kisha mume akamwacha ili amwoe binti wa mfalme. Medea akawaua wanawe kwa mkono wake mwenyewe. Ndani ya jela ile ya San Francisco alikuwamo mwanamke aliyekuwa amemuua mtoto wake. Unajua jinsi mtu kama huyo anavyotazamwa, hata na wafungwa wenzake. Mwizi humwona yeye ndiye mwenye dhambi. Jones aliwaletea wanawake wale hadithi ya Medea, akawauliza wanaionaje. Huyu mwanamke ni nani? Je, kuna mtoto mwingine ambaye sisi tumemuua bila kisu, kwa kumwacha, kwa ulevi, kwa kumweka mbele ya mwanamume mkatili?

Hebu fikiri, mama mwenzangu, ni nani kati yetu angeweza kulijibu swali hilo mchana kweupe mbele ya wenzake.

Mchezo wao wa kwanza mkubwa, mwaka 1992, haukuonyeshwa ndani ya jela. Ulionyeshwa katika ukumbi wa mji, watu wa kawaida wakikata tikiti. Jambo hilo lilihitaji ruhusa ya mkuu wa jela, Sherifu Michael Hennessey, naye aliitoa. Wanawake waliletwa chini ya ulinzi, wakacheza mchezo wao, na makofi yalipokwisha wakarudishwa jela usiku uleule. Katika viti walikuwapo jamaa zao pia. Mimi hapo ndipo nilipotulia nikafikiri sana niliposoma habari hizi. Mama amesimama juu katika mwanga, anasema kwa kinywa chake jinsi alivyopotea. Chini gizani yuko binti yake anasikiliza, wala mama hawezi kusema kwa haraka kama asemavyo kwenye chumba cha wageni, ambapo askari ametazama saa na dakika zimekwisha.

Mwaka 1993 wakatunga mwingine, ambao jina lake kwa Kiswahili tungesema "Miiko ya Chakula katika Nchi ya Wafu". Safari hii walichukua hadithi ya Demeter na bintiye Persephone. Binti alikuwa akichuma maua, mfalme wa kuzimu akamnyakua akampeleka chini ya ardhi. Mama mtu akazunguka dunia nzima akimtafuta, na kwa huzuni yake nafaka zikakoma kuota. Mwishoni ikaamuliwa binti arudishwe, ila alikuwa amekwisha kula punje za komamanga huko chini, na anayekula chakula cha wafu hawezi kutoka moja kwa moja. Basi kila mwaka inambidi arudi kuzimu kwa miezi kadhaa.

Wanawake wa jela hawakuhitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Wao ndio waliokula komamanga. Walitoka, wakarudi, wakatoka, wakarudi tena, dawa za kulevya zikiwavuta kama mfalme yule. Na wengine walikuwa Demeter, wana binti huko nje wanaotembea njia ileile na hawawezi kuwafikia.

Huenda ukaona shaka kwamba hadithi za miungu ya Wayunani zafaa nini kwa Mkristo. Mimi nauangalia ule utaratibu wenyewe, na utaratibu huo tunao katika Biblia zetu. Fungua Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Daudi amemchukua mke wa Uria, na Uria amekwisha kuuawa vitani kwa amri yake. Nathani nabii anatumwa kwake. Haingii akipiga kelele. Anamsimulia mfalme habari ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja tu, aliyelelewa ndani ya nyumba kama mtoto. Daudi anawaka hasira, anataka tajiri huyo auawe. Amekwisha kutoa hukumu ndipo anapoambiwa kwamba tajiri huyo ni yeye. Kama Nathani angeanza na neno "umezini", nadhani Daudi angekuwa na majibu mengi. Wafalme huwa nayo, na wafungwa pia wanayo: mahakamani wamefundishwa kukana, mbele ya askari wamejifunza kunyamaza, na mbele ya mhubiri wamejua kusema amina mahali panapotakiwa. Hadithi ya mtu mwingine huwapitisha mlango wa nyuma.

Si Marekani peke yake. Huko Uingereza kazi ya namna hii ilianzishwa na wafungwa wenyewe. Mwaka 1979 wanawake wawili, Jenny Hicks na Jacqueline Holborough, walikuwa wakitumikia vifungo vyao katika gereza la wazi la Askham Grange, karibu na mji wa York. Wakaunda kikundi cha maigizo na kukiita Clean Break, yaani kuachana kabisa na ya zamani. Walipotoka hawakukiacha. Holborough aliandika michezo juu ya maisha ya wanawake magerezani, maana aliona kwamba nchi nzima ilikuwa na picha ya mfungwa mwanamume tu, na mwanamke akifungwa hana hata hadithi. Baadaye, mwaka 1998, kikundi kilipata jengo lake mtaa wa Kentish Town jijini London, ambako wanawake waliotoka gerezani, au waliokuwa karibu kuingia, walifundishwa kuigiza na kuandika. Napenda habari hii kwa sababu hakuna mfadhili aliyeshuka kutoka mbinguni. Ni wanawake wawili wenye namba za kifungo walioanza kwa mikono mitupu.

Lakini habari iliyonigusa kuliko zote ni ya Lebanoni, nchi ile ya mierezi tunayoisoma katika Zaburi. Huko yuko mwigizaji na mtaalamu wa tiba kwa njia ya maigizo, Zeina Daccache. Kwanza aliingia katika gereza kuu la wanaume la Roumieh, gereza lililojaa kupita kiasi. Akafanya kazi na wafungwa 45 kwa muda wa miezi 15. Walichukua mchezo wa Kimarekani wa watu 12 wa baraza la mahakama wanaobishana kama kijana fulani ana hatia au la, wakautia maneno yao, nyimbo zao na maungamo yao. Hebu ona jinsi ulivyochaguliwa kwa akili: waliohukumiwa ndio wanaokaa katika viti vya kuhukumu. Mwanzoni mwa mwaka 2009 waliuonyesha humo humo gerezani, na miongoni mwa waliokuja kutazama walikuwapo waheshimiwa wa serikali na mahakimu.

Sasa katika nchi hiyo ilikuwapo sheria ya mwaka 2002 iliyoruhusu mfungwa mwenye mwenendo mwema kupunguziwa kifungo. Sheria ilikuwa imekaa katika karatasi tu, haitekelezwi. Wafungwa waliitaja jukwaani mbele ya wakubwa wale. Na mwaka huohuo wa 2009 ikaanza kutekelezwa. Wewe mwenye mume au mwana ndani, jiulize miaka hiyo saba ni siku ngapi.

Baadaye Daccache akaingia katika gereza la wanawake la Baabda. Kazi ilichukua miezi 10, na mchezo ukaonyeshwa mwaka 2012. Wanawake wale waliuita kwa jina la Shehrazade, yule bibi wa Alfu Lela U Lela ambaye kila usiku alimsimulia mfalme hadithi ili asiuawe kukipambazuka. Walisimulia nini? Kuozwa wakiwa watoto. Kupigwa na baba, kisha kupigwa na mume, kana kwamba fimbo ni mahari inayokabidhiwa. Mapenzi yaliyowaponza. Na uchungu wa kutenganishwa na watoto. Wapo waliokuwa wameua waume zao. Ukisikia neno hilo peke yake unaruka nyuma. Ukisikia miaka iliyotangulia usiku ule, bado utasema kuua ni dhambi, na ni dhambi, lakini utauliza pia ndugu walikuwa wapi, majirani walikuwa wapi, na wazee wa dini walimwambia nini alipowaendea na jicho limevimba. Mara nyingi jibu ni lilelile katika dini zote na nchi zote: rudi nyumbani ukavumilie.

Filamu ya habari zao ilitoka mwaka 2013. Mwaka 2014 bunge la Lebanoni lilipitisha sheria ya kuwakinga wanawake na jamaa dhidi ya ukatili wa nyumbani. Sitasema mchezo ndio ulioleta sheria hiyo, maana wako akina mama wa nchi ile waliokuwa wameipigania kwa miaka mingi, na haki yao wasinyang'anywe. Nasema tu kwamba bunge lilipokaa, sauti za Baabda zilikuwa zimekwisha kusikika nje ya kuta.

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Watu hudhani mwalimu anakuja na daftari lenye mchezo, anagawa maneno, siku ya tatu wanaonyesha. Ukifanya hivyo umewapa wafungwa mchezo wako. Vikundi vinavyofanya kazi hii vizuri huanza taratibu mno. Watu huketi kwa duara, hata mwalimu, asiwepo mwenye kiti cha mbele. Hupatana kwanza kwamba linalosemwa hapa linabaki hapa. Zile wiki za kwanza ni michezo midogo kama ya watoto: kutaja majina kwa wimbo, kutupiana mpira usioonekana, kutembea umefumba macho ukiongozwa na mwenzako. Mtu wa nje akichungulia atacheka. Lakini mwanamke ambaye hajawahi kumwamini mtu amefumba macho na kumwachia mwingine mkono wake, na huyo ni yule waliyegombea ndoo ya maji jana.

Baadaye huja maswali. Mama yako alikuwa na mikono ya namna gani? Ni siku gani uliyodanganya mara ya kwanza? Anayejua kuandika huandika, asiyejua husema na mwenzake humwandikia. Kipande cha huyu huunganishwa na cha yule, na mara nyingi anayeigiza kisa si yule aliyekitoa, ili mwenyewe apate kukitazama akiwa amekaa pembeni. Iko na njia nyingine inayotumiwa sana na wataalamu wa tiba hii, nayo ni kubadilishana nafasi. Tuseme mama amezoea kulalamika kwamba mtoto wake wa kwanza hataki kumjia kumwona. Mwalimu humwambia: sasa wewe uwe mtoto. Umevaa sare ya shule, umesimama langoni pa gereza, na darasa lote linajua. Sema. Hapo wengi hushindwa kusema neno hata moja, na ule ukimya unawafundisha zaidi ya mawaidha yangu ya saa nzima.

Mazoezi yenyewe nayo yana malezi ndani yake. Kuja kwa wakati. Kukariri. Kumngoja mwenzako amalize. Kukubali kuambiwa rudia bila kutukana. Wako wanaofikia jukwaa wakiwa wamekamilisha jambo kwa mara ya kwanza maishani, maana shule waliiacha, kazi waliiacha, hata ndoa.

Haya, sasa lile swali la aliyekosewa. Sipendi watu wanaolipita haraka. Mama aliyefiwa na mwanawe ana haki ya kuudhika akisikia muuaji anavikwa mavazi ya mchezo, na asiwepo wa kumwambia kwamba kuudhika kwake ni kukosa msamaha. Kwa maoni yangu, mchezo unaomfanya mfungwa aonekane shujaa, au unaocheka kosa lake, ni ubaya mwingine juu ya ule wa kwanza. Ule unaofaa humgeuza shingo alitazame alilotenda. Gereza lenyewe halifanyi hivyo. Gerezani mtu anaweza kukaa miaka 10 akijihesabu yeye ndiye aliyeonewa, akihesabu siku zake, asimfikirie hata mara moja mtu aliyemwumiza. Kufungwa si kujuta. Ukiniuliza mimi, nadhani ningependa aliyeniumiza awe mahali anapolazimika kusema kwa sauti jinsi nilivyolia, kuliko awe amelala chali akihesabu vigae vya dari.

Tena tusidanganyane kwamba kila aliyeigiza amebadilika. Wapo wanawake wa San Francisco waliopigiwa makofi na watu wamesimama, wakatoka jela, na baada ya muda dawa za kulevya zikawarudisha. Wakati mwingine vikundi hivi hutoa hesabu nzuri sana za watu wao ambao hawakurudi gerezani. Mimi huzipokea kwa uangalifu, maana anayejitolea mwenyewe kuingia katika kazi ngumu ya mwaka mzima yaelekea alikwisha kuanza kugeuka kabla. Na iko hatari ya kufungua kidonda kisha ukaondoka. Mwanamke amesimulia jinsi alivyonajisiwa akiwa na miaka minane, watu wamelia, mlango wa selo umefungwa saa kumi na mbili jioni, nawe umepanda basi kwenda kwako. Usiku ule atakaa na nani? Ndiyo maana watu wenye busara hawafanyi kazi hii bila mshauri anayebaki, na baada ya onyesho la mwisho hurudi tena kukaa na kikundi, kwa sababu siku inayofuata makofi ni ngumu kuliko zote.

Kwetu Afrika Mashariki njia hii ya kuwafanya watu watunge mchezo wao si ngeni. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikaa na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, juu ya tatizo la wasichana kupata mimba nje ya ndoa. Hawakupeleka mchezo ulioandikwa, ingawa Muhando ni yuleyule aliyetunga Hatia na Nguzo Mama. Waliwauliza wanakijiji wanaonaje, na vijana wakatengeneza mchezo kwa ngoma zao wenyewe, kisha kijiji kikajadiliana. Ukiitazama kazi ya Malya na ile ya Baabda utaona ni dada na ndugu. Tofauti ni ukuta tu.

Na nyuma ya ukuta wetu wako akina mama. Nchini Kenya sheria inaruhusu mtoto kukaa na mama yake gerezani mpaka afikapo miaka minne, kwa hiyo katika gereza la wanawake la Lang'ata, Nairobi, utawakuta wadogo wanaojua kuhesabiwa kabla hawajajua kuhesabu. Akitimiza miaka hiyo hupelekwa kwa ndugu au katika makao ya watoto, na mama hubaki na malapa yake madogo. Wako waliofungwa kwa makosa mazito. Wako pia waliokosa faini tu.

Vikundi vyetu vya wanawake makanisani huwatembelea, jambo jema kabisa. Tunapeleka sabuni, mafuta ya kupaka, taulo za kike, nguo za watoto. Tunaimba, tunahubiri, tunawaombea, tunapiga nao wimbo wa kuagana. Ukihesabu, katika saa mbili tulizopewa, wao wamezungumza dakika ngapi? Wamesema "Bwana asifiwe" na "asante". Katika Mathayo 25 Bwana wetu alipotaja wale waliomwendea gerezani alitaja kwamba walimwendea. Hakuna mahali aliposema walimhutubia.

Kama kikundi chenu kina moyo wa kujaribu jambo hili, msianze na jukwaa. Nendeni kwa mkuu wa gereza mkiwa na barua ya kanisa, mwoneni pia kasisi wa magereza na ofisa wa ustawi wa jamii, mwelezeni mnataka saa moja kila juma kwa muda usiopungua miezi sita. Atakayeogopa kuahidi miezi sita abaki nyumbani na awaombee wenzake, maana wanawake hawa wameachwa na watu wa kutosha. Mtafuteni mwalimu wa sanaa za maonyesho katika shule au chuo kilicho karibu. Nyinyi mnajua kukaa na watu, yeye anajua ufundi. Msimwulize mtu kosa lake, atawaambia siku akitaka, na asipotaka pia kazi itaendelea. Simu na kamera ziachwe langoni, hata kama mkuu hakukataza. Picha ya mfungwa analia si ya kupelekwa kwenye mkutano wa dayosisi. Anayetaka kuigiza kisa kinachomtaja mtu mwingine kwa jina, majina yabadilishwe. Na ikiwa mtafika siku ya kuonyesha, ombeni kabla ya kitu chochote kingine kwamba watoto na ndugu waruhusiwe kuja, na mtenge nauli zao katika bajeti, kwa maana bibi anayelea wajukuu wanne hana fedha za basi la kwenda na kurudi. Wageni waheshimiwa wakose viti ikibidi.

Hadithi ya kuanzia mtaipata wapi? Ya Hajiri inafaa, yule mjakazi aliyefukuzwa na mtoto wake wakaishiwa maji jangwani. Ya Tamari binti Daudi, ambaye ndugu yake alimharibu na baba yake akakasirika tu asifanye neno. Au ngano yoyote ambayo bibi zao waliwasimulia motoni, na hiyo pengine ni bora zaidi, kwa sababu wataijua kuliko ninyi. Isomeni au isimulieni mara moja, halafu nyamazeni. Siku ya kwanza huenda wasiseme kitu. Juma la pili vilevile. Nasihi yangu ni kwamba asitokee mtu wa kuanzisha pambio ili kuujaza ule ukimya.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima, tutazungumza juu ya bibi nilyemtaja hapo juu, anayelea wajukuu mama yao akiwa ndani: mambo ya shule, vyeti vya kuzaliwa, na maneno ya kumwambia mtoto anapouliza mama yuko wapi.